Amerudi Mikono Mitupu: Kisa cha Mmisionari wa Kimormoni Aliyerejea Kigoma

Shauri hili lililetwa kwangu na mama mzazi wa kijana. Kijana mwenyewe hakuomba msaada wa mtu. Mama ni mjane, Mkatoliki wa kuzaliwa, mchuuzi wa dagaa pale Katonga, na malalamiko yake aliyapanga kwa utaratibu wa mtu aliyezoea kudai. Mwanangu amekaa nje miaka miwili na Wazungu, amerudi na masanduku mawili ya mashati meupe na tai. Chai hanywi. Jumapili hagusi mzigo, na kanisani hanisindikizi. Anajifungia chumbani na kipande cha mkate na kikombe cha maji, anaongea peke yake kwa sauti ya chini. Ukimuuliza maisha yake anayapangaje, anajibu, "Mama, naomba unipe muda." Ana miaka ishirini na nne.

"Dada," akaniuliza, "hao watu wamemfanya nini mwanangu?"

Kiongozi wa kanisa la kijana, aliyeko Dar es Salaam, alikuwa na maelezo mengine. Kwa simu alisema kijana amepoa kiroho: asome maandiko, atafute kazi, aoe. Baba mdogo, shemasi wa kanisa moja la kilokole, alikuwa na neno moja tu: Frimasoni. Maelezo yote matatu niliyasikia kabla sijamsikia mhusika, na yote matatu yalitafuta ubovu ndani ya kijana. Mimi naona kisa hiki kilianza siku aliyopanda ndege kwenda misheni, maana hakuna aliyekuwa ameketi na familia wakakubaliana miaka miwili ile ni kitu gani: ni kibarua, ni masomo, au ni sadaka. Kanisa liliandika kwenye daftari lake, nyumbani wakaandika kwenye la kwao, na aliporudi akadaiwa kwa madaftari yote mawili.

Mama na mwana wameniruhusu kuandika. Majina sitaji, na vitu vichache vya kuwatambulisha nimevibadilisha.

Miaka miwili yenyewe

Kijana alizaliwa Kigoma, akapelekwa Dar es Salaam kwa mjomba wake kumalizia sekondari. Huko ndiko alikokutana na vijana wawili wenye beji nyeusi kifuani, wakamfundisha, akabatizwa akiwa na miaka ishirini. Kanisa lenyewe ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi tunaliita la Wamormoni kwa sababu ya Kitabu cha Mormoni. Joseph Smith alilianzisha katika jimbo la New York tarehe 6 Aprili 1830, na makao yake makuu leo yapo Salt Lake City, Utah. Mvulana anaweza kwenda misheni kuanzia miaka 18 (kabla ya Oktoba 2012 ilikuwa 19) na hutumikia miezi 24. Aliyebatizwa karibuni husubiri kwanza angalau mwaka mmoja. Pa kwenda hachagui. Barua ya wito ndiyo inayomwambia. Yake ilisema Zambia.

Msomaji wa Kigoma atatabasamu hapo. Zambia ni mwisho wa ziwa letu hili hili la Tanganyika, na wazee wanaikumbuka meli ya Liemba ikishusha watu na magunia Mpulungu. Lakini kwa mama, Zambia ya barua ile ilikuwa "nje", na mtu aliyekwenda nje hutarajiwa kurudi na kitu.

Maisha ya misheni hayafanani na kitu chochote ambacho kijana wa huku anakijua, labda jeshi la kujenga taifa, na hata huko kuna kupumua. Kuamka ni saa 12:30 asubuhi na kulala saa 4:30 usiku. Katikati kuna kusoma maandiko peke yako, kusoma na mwenzi, yaani mmisionari mwenzako, kisha kutembea nyumba kwa nyumba kutwa nzima. Mwenzi huyo hupangiwa na rais wa misheni, na humwachi hata dakika moja isipokuwa chooni na bafuni. Baada ya wiki sita kila mtu husubiri kusikia kama anahamishwa. Hakuna kuchumbiana, hakuna televisheni, hakuna kwenda ziwani kuogelea. Unaitwa Mzee hata kama ndevu hazijaota, na watu wazima wanakusikiliza. Kijana wetu alitumika Lusaka, kisha Kitwe na Ndola kwenye ukanda wa shaba, akajua Kibemba cha kuombea maji na kuombea watu, na Kiingereza chake kikanyooka kabisa.

Nisisitize jambo moja, maana ndilo lililoleta vita: mmisionari halipwi. Yeye na jamaa zake ndio wanaotakiwa kuchangia. Kwa Wamarekani, mchango uliopangwa ulipanda mwaka 2020 kutoka dola 400 hadi dola 500 kwa mwezi. Kwa vijana wa nchi kama yetu sehemu kubwa hubebwa na mfuko wa jumla wa wamisionari. Alichokuwa akipewa ni posho ya chakula na nauli, na mwezi ukiisha nayo imeisha. Kijana alifanya kazi kwa saa nyingi kuliko karani yeyote wa mjini kwetu, na hakuwa na haki ya kuweka akiba hata ya nauli ya bodaboda.

Je, mama hakuambiwa? Aliambiwa, tena mara nyingi. Lakini kulikuwa na simu. Hadi Februari 2019 wamisionari walipiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Kijana wetu alikuta taratibu zimelegezwa, akawa anapiga kila wiki kwa picha, kwenye siku yao ya maandalizi. Kila Jumatatu mama alimwona mwanawe amevaa tai, nyuma yake ukuta uliopakwa rangi na friji, na kijana wa Kimarekani akipita na bakuli la nafaka. Mdomo ulisema hakuna mshahara, macho yakaona friji. Majirani waliokuja kuchungulia ile simu nao waliona friji. Hapo Katonga ilishajulikana kwamba mama fulani ana mtoto yuko na Wazungu, na watu wawili walimkopesha mtaji kwa imani hiyo. Kijana alikiri kwangu kwamba aliiona sura ya mama yake ikichangamka mbele ya simu, na hakupenda kuizima.

Kipimo cha manamba

Kuna watakaosema familia hii ina tamaa. Sikubaliani nao, na sababu yangu ni ya kale kidogo.

Mkoa huu ulifanywa ghala la vibarua enzi za mkoloni. Waha walipelekwa kwa maelfu kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda kabisa ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU, na Kigoma ilikuwa moja ya visima vyake. Hao ndio manamba. Kijana alisaini mkataba, akapanda treni, akapotea kwa miaka, na aliporudi kijiji kizima kilimtazama mikononi. Babu mzaa mama wa kijana wetu alikwenda mkonge miaka ya 1950 akarudi Heru Juu, Kasulu, na baiskeli, mablanketi na kanga za kuposea. Bibi alilisimulia hilo hadi uzeeni. Kwake mwanamume alikuwa mtu aliyekwenda akarudi na kitu, na wajukuu walikua wakilisikia.

Kwa hiyo nyumba hii ilikuwa na kipimo tayari, kilichorithiwa, cha kumpimia kijana anayeondoka miaka miwili na kurudi. Kanisa lake nalo lina kipimo: alitumikia kwa uaminifu hadi mwisho, akapumzishwa kwa heshima. Kwa kipimo cha pili kijana amefaulu. Kwa kile cha kwanza hajafanya hata nusu ya babu yake asiyejua kusoma. Na kwa bahati mbaya cheti cha kipimo kimoja hakipokelewi kwenye kingine.

Muda wa kurudi kwake nao ulikuwa mbaya. Aliwasili Julai 2024. Tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka huo Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa kwa uvuvi upande wa Tanzania, ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Wavuvi wa dagaa wamezoea kupumzika siku za mbalamwezi, ambapo taa hazivuti samaki. Miezi mitatu mfululizo ilikuwa jambo jipya. Chanja za kuanikia zilikuwa tupu. Mama alikuwa akiuza mawese kidogo kidogo ili apate kula. Mdogo wake, aliyeacha shule kidato cha pili na kuingia mtumbwini wakati kaka yuko Zambia, alikuwa anashinda kijiweni. Ndipo akaingia mtu na masanduku mawili. Nadhani hata angefungua akatoa kitenge kimoja, mambo yangekuwa tofauti. Lakini ndani yake mlikuwa na mashati, vitabu na picha.

Chai, mkate na maji

Kwa wiki za kwanza aliamka saa 12:30, wakati Kigoma bado haijapambazuka vizuri, akavaa shati jeupe, akakaa kitandani. Hakuwa na pa kwenda. Alishindwa kulala peke yake chumbani, akamwomba mdogo wake wahamie pamoja, na mdogo akaona ni maringo ya ajabu. Akienda sokoni Mwanga alijikuta anageuka kumtafuta mwenzi. Msichana wa jirani akimsalimia alirudi nyuma hatua mbili. Watu walisema amekuwa na kiburi. Anayejua kitu kidogo kuhusu watu wanaotoka kwenye taasisi zenye saa kali ataona hapa jambo la kawaida kabisa: ratiba imeondolewa na mwili bado unaifuata. Hili huwa linapungua lenyewe, na kwake lilipungua kabla ya mwaka kuisha.

Chai ilikuwa ngumu zaidi. Wamormoni hufuata Neno la Hekima, agizo la mwaka 1833: hakuna pombe, tumbaku, kahawa wala chai. Sasa, Kigoma mtu kukataa pombe si habari. Nusu ya Ujiji haiinywi. Lakini kijana anayepita baraza la wazee wa Ujiji akakataa kikombe cha kahawa na kipande cha kashata, huyo ana neno. Na kukataa chai ya mama yako asubuhi ni kumwambia hukulelewa vizuri. Aliyelitatua alikuwa shangazi, kwa swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: je, mchaichai? Mchaichai unaruhusiwa. Tangawizi pia. Sufuria ikabadilishwa majani, vita vikaisha asubuhi moja. Nimetaja jambo hili dogo kwa sababu linaonyesha ni kiasi gani cha ugomvi wa nyumba hii kilikuwa ni kukosa kuulizana tu.

Mkate na maji ulikuwa ni sakramenti. Kanisa lake hutumia maji badala ya divai, na kijana, kama mwenye ukuhani wa Melkizedeki, daraja la juu la ukuhani kwao, anaweza kuibariki. Hakuwa na ibada ya kanisa lake aliyoweza kuifikia kutoka nyumbani, hivyo aliomba ruhusa kwa kiongozi wake wa Dar es Salaam aifanye chumbani. Wiki kadhaa alikaa bila hata hiyo, akisubiri jibu. Kwa Mkatoliki kama mama, mtu kujibarikia mkate mwenyewe nyuma ya pazia ni kujifanya padri. Alipoelezwa akasema afadhali, alidhani ni uchawi.

Frimasoni wa baba mdogo nao tuwamalize. Kijana alikuwa ameulizwa swali hilo kwenye milango ya Kitwe na Ndola mara nyingi, hivyo hakutikisika. Alikiri kwamba Joseph Smith alijiunga na Frimasoni mwaka 1842 kule Nauvoo, Illinois. Akasema pia, bila kuulizwa, kwamba kanisa lake liliwanyima watu weusi ukuhani hadi Juni 1978, na kwamba wake wengi walipigwa marufuku mwaka 1890. "Haya yote nayajua, baba. Nilibatizwa nikiyajua." Baba mdogo alikuwa amekuja na simu iliyojaa video za kumfumbua macho, akakuta macho yako wazi. Tangu hapo wanaheshimiana kwa namna fulani. Hata suala la fungu la kumi, ambalo mama alilipigia kelele sana, baba mdogo hakulishika bango, maana na yeye hutoa.

Jeneza

Yote niliyoeleza mpaka hapa yangeweza kutulia kwa chai ya mchaichai na subira. Hayakutulia, na ilinichukua muda kuona kwa nini. Kila tulipoongea fedha, mama alikuwa akiteleza kidogo kuelekea jambo lingine. "Hata pale mama yangu alipolala, hao Wazungu wake..." halafu anarudi kwenye deni.

Bibi, yule wa hadithi ya baiskeli, alifariki Heru Juu mwaka 2023, kijana akiwa Ndola. Ndiye aliyemlea hadi darasa la tatu. Hakurudi kuzika. Alifuatilia mazishi kwa simu, mtandao ukikatika. Familia ilikubaliana bila kuambiana kwamba kanisa lilimzuia, na hasira yote ya mama dhidi ya Wamormoni, ile ya mashati na chai na mkate, ilikuwa na mizizi hapo. Niliposoma namna misheni zinavyoendeshwa nikaona kuna mashaka, nikamuuliza kijana tukiwa wawili. Alinyamaza, kisha akasema rais wa misheni alimwita ofisini, akampa pole, akamwachia uamuzi. Yeye ndiye aliyechagua kubaki.

Sababu alizonipa naziandika kama alivyozitoa, bila kuzipaka rangi. Wiki ile alikuwa na familia aliyoifundisha kwa miezi, wakiwa karibu kubatizwa. Aliogopa gharama. Na aliogopa kwamba akiondoka hatarudi. Katika jamii ya Wamormoni, mmisionari anayerudi kabla ya miezi kutimia hubeba aibu, hata kama aliumwa, hata kama viongozi wanahubiri asihukumiwe. Wengine huulizwa maisha yao yote walikosa nini. Kijana mgeni kwenye imani, Mwafrika kutoka mji usio na Wamormoni wengi, alikuwa na hofu hiyo maradufu. Aliporudi akakuta familia imeshamtafutia mkosaji, akaona ni rahisi kuwaacha waamini hivyo. Kila mara mama alipolilaani kanisa lake mbele yake, alinyamaza, na ule unyamavu watu wakauita kiburi, au kupoa kiroho, kutegemea nani anaongea.

Hapa ndipo ninapotofautiana na kiongozi wa Dar es Salaam kwa nguvu zaidi. Kijana huyu hakuwa amepoa. Alikuwa anaipenda imani yake kiasi cha kuona aibu kuisingizia, na hakuwa na ujasiri wa kuacha kuisingizia. Ushauri wa kuoa usingemsaidia chochote.

Kikao tulifanya nyumbani kwa mama, Gungu, mjomba akiwa kwenye simu iliyowekwa juu ya stuli. Baba mdogo alifungua kwa sala, kisha madai yakaanza kama kawaida: mtaji, deni la Katonga, ada. Mdogo mtu alikuwa amekaa mlangoni. Ni mtu wa maneno machache. Alipopewa nafasi alisema, "Mimi sidai pesa. Mimi siku ile nilibeba jeneza upande wako."

Mila ya wajukuu kubeba jeneza na nani anashika wapi sina haja ya kuieleza kwa wasomaji wa huku. Kijana alipiga magoti mbele ya mama akasema lile alilokuwa ameniambia mimi: aliitwa, akaulizwa, akachagua. Hakuwekewa kizuizi.

Mama alitoka nje. Mjomba akawa anauliza kwenye simu, "Amesemaje? Amesemaje?" na hakuna aliyemjibu. Siwezi kudai kwamba ukweli ule uliponya kitu papo hapo. Kwa wiki nzima mama alikuwa hamsemeshi, na majirani wakajua kuna jambo. Lakini hasira ilikuwa imehamia kwa mwenyewe, na mwenyewe yupo, anaweza kuombwa, anaweza kutumwa, anaweza kulipa. Kulikasirikia kanisa la Utah ukiwa Gungu ni kazi isiyoisha.

Yaliyokubaliwa

Kikao cha pili kiliitishwa na mama. Kijana na mdogo wake wakatumwa Heru Juu kuhani msiba, na sukari, mchele na mafuta, waende kwa wazee nyumba hadi nyumba kama inavyopasa mtu aliyechelewa. Kijana alijua kutembea nyumba hadi nyumba. Wazee walimsema vya kutosha. Mmoja alimwambia ana bahati bibi alikuwa mpole, la sivyo angekwisha kumtokea usingizini. Kisha wakamkalisha wakamsimulia siku zake za mwisho, na hicho ndicho kitu alichokuwa amekikosa zaidi, kuliko mazishi yenyewe.

Jumapili ilipangwa hivi: mdogo anapokea mzigo wa Jumapili, kaka anapokea wa siku nyingine na kushika hesabu zote. Hesabu zake ni safi mno, mama amegundua nani alikuwa anampunja.

Kazi ilimsumbua kwa miezi. Alijaribu kwenye mashirika yanayohudumia wakimbizi Nyarugusu, ambako Kiingereza, Kiswahili na mtu mwenye subira vinahitajika, hakupata. Kuongoza watalii Gombe kunataka cheti. Kanisa lina masomo ya mtandaoni, BYU-Pathway Worldwide, ambayo wengi waliorudi misheni barani Afrika hujiandikisha. Amejiandikisha, anasoma usiku bando likiwa nafuu. Kilichompa chakula ni taa. Wavuvi wetu wameacha karabai wanatumia taa za kuchaji kwa sola, na mfanyabiashara mmoja alihitaji mtu wa kuzunguka Kibirizi na Katonga kuuza kwa awamu na kukusanya malipo. Wengi walishaacha kazi hiyo, kwa kuwa mvuvi anayetaka usubiri malipo hadi giza lijalo hukufukuza kwa matusi. Kijana hufukuzwa, husema asante kaka, na kesho yupo. Kule Utah kampuni za kuuza vitu mlango kwa mlango zimekuwa zikiwawinda waliorudi misheni kwa sababu hiyo hiyo: wameshafungiwa milango mpaka haiwaumi. Sikutegemea kuuona ujuzi huo kwenye mwalo wa Kibirizi.

Kamisheni haitoshi. Deni la mama limepungua, halijaisha. Kwa pesa ya kwanza alimlipia mdogo wake masomo ya jioni ya QT, mtihani wa walioacha shule, na akatoa fungu la kumi kabla ya yote, mama akalalamika, akazoea. Kuhusu kuoa, anataka mwanamke wa imani yake na afunge ndoa hekaluni. Zamani Mtanzania alilazimika kufikiria Johannesburg. Tangu Mei 2025 kuna hekalu Nairobi, ambako mtu wa Kigoma anaweza kufika kwa mabasi, akiwa na mgongo imara.

Ni hekalu hilo lililoleta suala ambalo bado liko mezani. Wamormoni hubatiza kwa niaba ya wafu: aliye hai anaingia majini kwa jina la marehemu. Kijana anataka kumfanyia bibi. Kanisa lake lina sharti: kama marehemu alizaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita, lazima ndugu wa karibu aliye hai akubali. Ndugu huyo ni mama.

Alipolileta, shangazi aliruka. Bibi alibatizwa na mapadri Kabanga akiwa msichana, anabatizwa tena kwa kosa gani? Mjomba hana tatizo. Mama, kwa mshangao wa wote, hakukasirika. Kwanza aliuliza mara mbili kama ni kweli hao watu wa Utah hawawezi kufanya lolote bila ruhusa yake, mchuuzi wa dagaa, na alipohakikishiwa alionekana kuridhika kwa muda mrefu. Kisha akaenda kwa paroko. Paroko alimweleza kwamba Kanisa Katoliki tangu 2001 lilitamka kuwa ubatizo wa Wamormoni si ubatizo halali. Mama amerudi na swali ambalo mimi sikuweza kulijibu na paroko pia hakulitegemea: kama si ubatizo, basi mama yangu utamdhuru nini?

Hajakubali wala hajakataa. Amemwambia kijana kaburi la Heru Juu lijengwe kwanza kwa saruji, na jina la bibi liandikwe pale vile mapadri walivyoliandika. Fundi amelipwa nusu. Karatasi ya ruhusa ailete baada ya hapo, na amlete mdogo wake awe shahidi.